Cheni za Matairi Kwenye Theluji: Inagonga, Haifungi, Imechomoka. Tatizo Liko Wapi?

Ukitoka Denver, jimbo la Colorado, Marekani, kwenda magharibi kwa barabara ya I-70, kipande cha milimani kati ya Morrison (kibao cha maili 259) na Dotsero (kibao cha maili 133) kina sheria yake. Kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, gari dogo lazima liwe na matairi yenye meno ya kutosha, yasiyopungua sehemu 3 kwa 16 za inchi, yaani karibu milimita 5. Kama ni gari linalovuta kwa matairi mawili tu, matairi yake yawe ya theluji au yenye alama ya M+S, yaani ya matope na theluji. Usipotimiza hilo, uwe na cheni au mbadala wake unaokubalika. Faini inazidi dola 130, na ukikwama ukaziba barabara inapita 650.

Matokeo yake wengi wetu tunaoishi Aurora na Denver tuna cheni kwenye buti, zimelala humo na mfuko wake tangu dukani. Siku ya kuzifungua ni siku theluji inamwagika, giza limeingia, na malori yamepanga foleni kuelekea Eisenhower Tunnel, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo maswali yanapoanza: mbona haifiki? Mbona inapiga kelele? Mbona nimefunga na gari bado linateleza?

Mwongozo huu unafuata dalili: unaona nini au unasikia nini, kisha chanzo chake. Nikutangulizie jambo moja litakalojirudia humu ndani: kabla hujalaumu cheni, mtengenezaji au gari, shuku ulegevu. Cheni iliyokazwa vizuri na kuendeshwa polepole ni chombo kitulivu kabisa. Ikilegea, inageuka rungu linalozunguka karibu na paipu ya breki.

Tukubaliane kwanza majina ya sehemu zake. Cheni ya kawaida ukiitandaza sakafuni inafanana na ngazi: minyororo miwili mirefu ya pembeni, mmoja unakaa upande wa ndani wa tairi na mwingine upande wa nje, na katikati kuna vipago, vile vipande vifupi vinavyolala juu ya meno ya tairi. Kila mnyororo wa pembeni una kulabu ya kufungia. Ule wa nje mara nyingi una vikaza, vichuma vidogo vinavyozungushwa kwa ufunguo wake ili kuvuta cheni. Nyingine hazina vikaza, zinakuja na mpira wa mduara wenye kulabu nne au tano. Zipo pia za umbo la almasi, ambazo nyuma ya tairi zina waya wa mduara badala ya mnyororo. Hizo ni rahisi zaidi kufunga, na kama mfuko unaruhusu ningekushauri uanze nazo.

Kulabu ya nje haifiki

Umetandaza cheni juu ya tairi, ukajipenyeza nyuma ukashika kulabu ya ndani, ukaifunga. Unakuja upande wa nje, unavuta hadi vidole vinauma, na pengo limebaki la upana wa kiganja.

Chanzo cha kwanza na cha kawaida kuliko vyote: tairi bado limekalia sehemu ya cheni, au halijaikalia kabisa na cheni imejikusanya upande mmoja. Tandaza vizuri, hakikisha vipago viko sambamba na vimeachana kwa nafasi sawa, kisha sogeza gari mbele kidogo, nusu mzunguko wa tairi hivi, ndipo uvute tena. Kuna kipande ambacho hukifikii kwa sababu uzito wote wa gari umekilalia. Kikitoka chini unapata sentimita kadhaa ulizokuwa unazikosa.

Chanzo cha pili kipo upande usiouona. Kulabu ya ndani inatakiwa ishike pingili ya karibu kadiri inavyowezekana. Watu wengi, kwa baridi na giza, wanashikisha pingili yoyote iliyokutana na kidole. Upande wa ndani ukiwa mrefu, cheni nzima inaegemea huko, na wa nje unakuwa mfupi. Piga tochi nyuma ya tairi, hesabu pingili zinazoning'inia baada ya kulabu, kisha linganisha na upande wa nje. Tofauti ya pingili moja inavumilika. Tatu au nne maana yake rudi chini ukafungue.

Cha tatu: kipago kimejisokota. Pitisha mkono juu ya tairi, ukiwa umevaa glavu, na uguse kila kipago toka ndani hadi nje. Kilichosokotwa utakihisi, kimekuwa kifupi na kinene. Hakuna kuvuta kutakakosaidia mpaka ukikunjue. Hapo hapo angalia zile ncha za vichuma zinazounga vipago na minyororo ya pembeni: upande wake ulio wazi unatakiwa utazame nje, mbali na tairi. Ukigeuza, ncha zinachimba ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kiraka.

Vyote hivyo vikiwa sawa na bado haifiki, basi saizi si yake. Usome ubavu wa tairi usiku huohuo, si risiti. Watu hutazama namba ya mwisho tu. Wanasema "mimi ni rimu 16" na wananunua cheni ya rimu 16. Lakini tairi la 205/55R16 na la 215/60R16 yote ni rimu 16, na mzunguko wake unatofautiana kwa takriban sentimita 10. Cheni ya lile dogo haitafunga kwenye hili kubwa hata uwe na nguvu za mbeba zege. Hutokea pia kwamba cheni zilikuwa sahihi, ila baadaye ulibadilisha matairi ukaweka ya theluji ya saizi nyingine. Linganisha namba zote tatu na orodha iliyo kwenye mfuko wa cheni.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba upunguze upepo wa tairi, ufunge cheni, halafu ujaze tena. Usifanye hivyo. Juu ya mlima hutapata pampu, na ukiendesha na tairi lenye upepo mdogo linajikunja chini na kuilegeza hiyo hiyo cheni uliyotaka ikaze.

Imefunga, lakini inagonga

Hii ndiyo dalili yenye mengi ya kusema, kwa hiyo tuikalie.

Kwanza tofautisha sauti. Cheni inayofanya kazi ina mngurumo mfululizo, wa sawasawa, na mtikisiko mdogo unaousikia miguuni. Ni kelele, lakini ni kelele ya kuzoeleka, na ukiongeza mwendo nayo inapanda pamoja. Sauti ya kuogopa ni ile ya tak-tak-tak, chuma kwenye bati, inayotoka upande mmoja. Kwa tairi la 215/60R16, mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mizunguko 7 kwa sekunde. Kipande kimoja kilicholegea kinapiga madigadi mara 400 hivi kwa dakika. Kwa robo saa tu kinaweza kupasua plastiki ya ndani ya madigadi, kisha kinaanza kula rangi na nyaya zilizo nyuma yake.

Kwa hiyo ukisikia tak-tak, punguza mwendo taratibu, tafuta pembeni palipo salama, simama. Usiseme "nitafika Frisco ndipo niangalie".

Ukishashuka, angalia kwa mpangilio huu. Kwanza mkia: zile pingili zilizobaki baada ya kulabu. Zikiachwa zikining'inia ndizo zinazopiga. Zirudishe kwenye mnyororo wa pembeni kwa kulabu ya mpira wa kukazia, au zifunge kwa kamba ya plastiki ya kukaza. Nyaya za chuma sizipendi, zikikatika zinaacha ncha.

Kama mkia upo sawa, shika kipago cha juu ya tairi ukivute. Vidole vikipita kwa shida kati yake na tairi, haina neno. Kiganja kizima kikiingia, imelegea. Na hapa ndipo watu wanapojilaumu bure, wakidhani walifunga vibaya. Cheni yoyote hulegea baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwa sababu tairi likizunguka linaiweka mahali pake: vipago vinaingia kwenye meno, mikunjo iliyojificha inanyooka, na theluji iliyokuwa imebanwa katikati inatoka. Ulegevu wote uliokuwa umejigawa sehemu kumi unajikusanya mahali pamoja. Ndiyo maana ya ule utaratibu wa kusimama baada ya nusu kilomita hivi na kukaza upya. Hatua hiyo ni nusu ya kazi ya kufunga, na anayeiruka amefunga nusu. Hata zile zinazosemwa kwamba zinajikaza zenyewe, simama uziangalie.

Ukikaza upya anza na kulabu. Ukiweza kuisogeza hata pingili moja mbele, isogeze, kisha ndipo uzungushe vikaza. Watu wanakimbilia vikaza na mpira, na huo mpira una kazi ndogo kuliko wanavyofikiri: unapokea ulegevu kidogo uliobaki, hauwezi kubeba pingili mbili nzima. Mpira uliovutwa kupita kiasi hukatika kwa baridi, na ukikatika unakuwa wenyewe ndio unaogonga. Vikaza vizungushwe vyote kwa zamu, kimoja cha juu, kimoja cha chini, ili cheni isivutwe upande mmoja.

Sauti ikirudi tena baada ya kukaza mara ya pili, na saizi ni sahihi, tafuta kipago kilichokatika. Au angalia meno ya tairi: tairi kipara kipenyo chake ni kidogo kwa milimita kadhaa kuliko jipya, na cheni iliyokuwa inakaa vizuri miaka miwili iliyopita sasa inaogelea.

Sababu ya mwisho ni mwendo. Cheni nyingi za gari dogo kikomo chake ni maili 30 kwa saa, kilomita 50 hivi, na California wakitangaza cheni kikomo cha barabara huwa maili 25 au 30. Si suala la ukali wa polisi. Nguvu inayoivuta cheni kutoka kwenye tairi inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 50 kwenda 70, nguvu hiyo karibu inaongezeka mara mbili. Cheni iliyokuwa imekaa kimya kwa 50 inajiinua juu ya tairi kwa 70 na kuanza kupiga. Anayekuwashia taa nyuma mwache apite.

Imechomoka, au imejizungushia ekseli

Ikichomoka ikabaki barabarani una bahati. Simama mahali salama, na urudi kuiokota ikiwa tu magari hayapiti kwa kasi. Cheni haina thamani ya mtu.

Vyanzo ni vichache. Kwanza ni upande wa ndani uliofungwa kwa kulegea. Wa nje umekazwa hadi unang'aa kwa sababu ndio unaoonekana, wa ndani umeachwa, na kona mbili tatu zikatosha. Pili ni kuzungusha tairi papo kwa papo: gari limekwama, dereva anakanyaga mafuta, tairi linazunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyosoma dashibodi, na cheni inarushwa. Na kuna lile kosa la ubunifu, la kuifunga cheni kwenye tundu za rimu kwa waya ili "isitembee". Cheni inatakiwa itembee. Polepole sana, kadiri gari linavyokwenda, inajisogeza kuzunguka tairi, na hivyo hailiki sehemu moja wala kulitafuna tairi mahali pamoja. Ukiifunga kwenye rimu, kila mzunguko unaivuta pale ulipofunga, na pale ndipo itakapokatikia.

Ikiwa imejizungushia nyuma ya tairi, acha kuendesha hapo hapo, hata kama gari "bado linakwenda". Zima injini, vuta breki ya mkono, washa taa zote za tahadhari, piga tochi. Tazama paipu ya breki na waya mwembamba wa kihisi cha ABS (mfumo unaozuia breki kufunga magurudumu) unaoingia karibu na kitovu cha gurudumu. Ukiona umajimaji kwenye theluji chini ya gurudumu, au pedali ya breki imekuwa laini, safari imeishia hapo, ita gari la kuvuta. Kama havijaguswa, mara nyingi inatosha kurudisha gari nyuma inchi chache, mtu mwingine akiwa amesimama pembeni, si nyuma, akitazama cheni ikijifungua. Ukiwa peke yako, sogeza kidogo, shuka utazame, sogeza tena.

Kipago kimekatika

Chanzo karibu kila mara ni lami tupu. Kwenye theluji kipago kinazama, kinashika na kinapumzika. Kwenye lami kavu kinabanwa kati ya uzito wa gari na jiwe, mara saba kwa sekunde. Waliokulia nyanda za majani chai za Kenya wameona malori na trekta zikifungwa cheni wakati wa mvua ndefu, na huenda wanakumbuka zikidumu. Ndiyo, ila zile zilikuwa zinakanyaga matope. I-70 hubadilika ndani ya maili tano: theluji nzito Vail Pass, kisha unashuka unakuta gari la kufagia theluji limepita na chumvi imeyeyusha kila kitu. Ukiona lami nyeusi mfululizo mbele yako, tafuta mahali pa kusimama ufungue. Vipande vifupi vya lami kati ya theluji vivumilie kwa mwendo wa pole.

Kimoja kikikatika, kuna vipande vya kuungia vinavyouzwa, vidogo vya kubana kwa koleo. Beba viwili vitatu. Usipokuwa navyo, kiondoe kabisa kile kipande kilichokatika kuliko kukiacha kikining'inia, nenda polepole hadi mahali salama, na hiyo cheni isihesabiwe tena kama nzima.

Cheni zimefungwa na gari halipandi

Umefunga ekseli ipi? Gari dogo la kawaida huvuta kwa matairi ya mbele, hivyo cheni ni mbele. Pikapu na vani nyingi husukuma kwa nyuma, cheni ni nyuma. Nimeona watu wakifunga nyuma kwenye gari la kuvuta mbele kwa sababu "nyuma ndiko linakoserereka", halafu wanashangaa. Tairi lenye cheni ambalo halisukumwi na injini halikupandishi popote. Kwa magari yanayovuta manne, fuata kitabu cha gari. Yapo yanayotaka mbele tu, kama Subaru, yapo yanayotaka nyuma, na yapo yasiyotaka cheni kabisa kwa sababu nafasi kati ya tairi na shokapu ni ndogo. Mengi ya hayo ya mwisho yanakubali cheni nyembamba za daraja S, zinazohitaji nafasi ya takriban milimita 15 pembeni na 37 juu ya tairi.

Ekseli ikiwa sahihi na gari limegoma, tazama dashibodi. Taa ya gari lenye mistari ya kujipinda ikiwaka na kuzima, mfumo wa kuzuia kuteleza unahisi tairi linazunguka na unakata nguvu ya injini, na wewe unahitaji mzunguko kidogo ili cheni ichimbe. Uzime kwa kitufe chake wakati wa kung'oka tu, kisha uuwashe tena gari likishatembea. Kanyaga mafuta kidogo, gia ya pili kama ni gari la gia, na ukiona tairi linazunguka bila kusonga, acha. Kuendelea ni kuchimba shimo.

Mbele kunashika, nyuma kunakwenda kwake

Hili ni la kuteremka, na ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko yote. Cheni ziko mbele, unakanyaga breki kwenye mteremko, matairi ya mbele yanashika kwa nguvu na ya nyuma hayana cha kushikia. Uzito wa gari tayari umehamia mbele. Mkia wa gari unaanza kukupita.

Chanzo kipo kwenye mpangilio wenyewe: umelipatia gari mshiko usiolingana. Dawa ya kudumu ni matairi ya theluji manne, au cheni nne kama kitabu cha gari kinaruhusu. Dawa ya papo hapo ni kuteremka kwa gia ndogo tangu juu, kabla mteremko haujakukamata, na kugusa breki mapema na kidogo kidogo. Mkia ukianza kwenda, achia breki, elekeza usukani unakotaka gari liende, na usikanyage mafuta ghafla. Ujue pia kwamba barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye maji juu yake, inateleza kuliko ya baridi kali. Mchana wenye jua unaweza kuwa mbaya kuliko alfajiri.

Usukani unatetemeka hata baada ya kuvua cheni

Usikimbilie fundi. Piga tochi ndani ya rimu: theluji imejishindilia upande wa ndani na kuganda, na gurudumu limepoteza ulinganifu. Gonga kwa mpini wa mbao au kwangua, usitumie chuma. Mtikisiko ukiwepo cheni zikiwa bado zimefungwa, linganisha kulia na kushoto, kwani mara nyingi mmoja umekazwa na mwingine umelegea.

Soksi za matairi zimechanika

Soksi za kitambaa zinakubalika Colorado kama mbadala wa cheni, zinavalishwa kwa dakika chache, na kwa gari lenye nafasi finyu ni mkombozi. Lakini ni kitambaa. Lami kavu inazimaliza upesi sana, na ukizungusha tairi papo kwa papo, joto la msuguano linaziharibu. Zikichanika baada ya safari fupi, hazikuwa mbovu, zilikanyagishwa kisichokuwa chake. Nazihesabu kama kifaa cha kujiokoa, si cha kusafiria.

Kwa wenye malori

Wenzetu wengi wako huku, kwa hiyo maneno machache. Colorado, lori la biashara linalopita kati ya maili 133 na 259 linatakiwa liwe na cheni ndani katika miezi ileile, Septemba hadi Mei. Sheria ya cheni ikitangazwa, trekta, yaani kichwa cha lori, la ekseli mbili za kusukuma linafungwa matairi manne ya kusukuma. Kutofunga ni dola 500 na ada juu yake, na kuziba barabara ni 1,000 na ada.

Dalili inayokuja mara nyingi: tairi moja tu linazunguka, mengine yamesimama. Hiyo ni loki ya difu, ile inayolazimisha matairi ya kusukuma yazunguke pamoja, uliyosahau, au uliyowasha tairi likiwa tayari linazunguka. Iwashe gari likiwa limesimama au linatambaa, kabla ya kupanda. Kwa matairi pacha, cheni inayofunika yote mawili ina mnyororo wa tatu unaopita katikati yake, na usipokaa kwenye ule mfereji kati ya matairi cheni haitakaza hata uzungushe vikaza hadi kesho. Na cheni ikikatika kwenye trekta, tazama mipira ya upepo wa breki kabla ya kitu kingine chochote: sikiliza kama kuna mlio wa upepo unaovuja, tazama geji.

Fungeni kwenye vituo vya kufungia cheni, upande ulio mbali na magari yanayopita, na koti la kuakisi mwanga. Ukilazimika kufunga upande wa barabarani, mgongo usielekee magari.

Haifunguki

Umesimamisha gari kulabu ikiwa chini ya tairi, au barafu imeifunga. Sogeza kidogo hadi kulabu iwe usawa wa kitovu cha gurudumu, legeza vikaza vyote kwanza, gonga barafu kwa mpini, fungua ya nje, kisha ya ndani, na uondoke juu yake polepole kwenda mbele. Usivute cheni kwa gari kabla hujahakikisha kulabu ya ndani imeachia.

Zinaporudi nyumbani zimejaa chumvi na magnesiamu kloridi inayomwagwa barabarani, ambayo haikauki kirahisi, inaendelea kunyonya unyevu. Zioshe kwa maji ya vuguvugu, zitundike gereji zikauke, ndipo ziingie kwenye mfuko, kila moja peke yake na kulabu zikitazama upande mmoja. Zikipangwa hivyo hutakuta fundo utakapozihitaji tena. Kabla ya kuzifunga mfuko, pitisha vidole kwenye vipago. Pingili iliyolika nusu ya unene wake imekwisha, hata kama nyingine zote zinaonekana mpya.